Nani Afunge Mlango wa Jirani?

Ndugu msomaji, nianze na ungamo, kwani nimegundua kuwa mtu akitangulia kuzungumza falsafa kabla hajaungama, mara nyingi kuna kitu anakificha. Mwaka jana niliingia mahali pasipo pangu. Sikuvunja kufuli, sikuruka ukuta, wala sikuchukua hata senti tano ya mtu. Niliingia nikiwa nimekaa kwenye kiti changu cha plastiki, mchana kweupe, muuza kahawa akipita nje anagonganisha vikombe vyake. Niliingia, nikakuta pameharibika, nikatengeneza, nikatoka kimya kimya. Na kwa ajili ya wema wangu huo, kijana mmoja asiye na kosa alifukuzwa kazi.

Nafanya kazi katika steshenari ndogo chini ya ghorofa moja la Kariakoo, katika mtaa ambao tangu saa mbili asubuhi vipaza sauti vya wamachinga vinashindana kutaja bei, mpaka mtu unasahau ulichokuwa unafikiri. Tunatoa kopi, tunachapa barua, tunawajazia watu fomu za mikopo ya elimu ya juu na za kuombea ajira. Jioni wateja wakipungua naandika riwaya yangu, ambayo imefika sura ya tisa na kukataa katakata kwenda ya kumi. Shule nilimaliza kidato cha nne, nikaishia hapo. Haya ya kompyuta nimejifunza kwa kuharibu na kutengeneza.

Frem zote za chini na za ghorofa ya kwanza tunatumia ruta moja. Mwenye jengo ndiye aliyeiweka. Msimamizi wake anakusanya mchango kila mwezi, pamoja na hela ya taka na ya mlinzi, na alikuwapo kijana fundi aliyeitwa kila mtandao unapogoma. Kwa wale wasioijua, ruta ni kile kisanduku chenye pembe mbili tatu na vitaa vinavyokonyeza usiku kucha. Kazi yake ni ya bawabu: simu na kompyuta zote za ndani zinampelekea maombi yao, naye anayatoa nje, na majibu yakirudi anajua hili la nani na lile la nani. Watu wengi wanadhani ni waya tu ulionenepa. La hasha. Ndani yake mna kompyuta kamili, yenye kumbukumbu yake na programu yake iliyoandikwa na binadamu, na kitu kilichoandikwa na binadamu hakikosi makosa. Hilo mimi mwandishi wa sura tisa nalijua vizuri sana. Kosa katika riwaya linamchosha msomaji. Kosa katika programu ya bawabu linaacha tundu, na anayelijua tundu hilo anaweza kumpa bawabu amri zake mwenyewe.

Sasa siku ya tukio. Alikuja mwanafunzi mmoja anataka kuchapa risiti ya ada kutoka akaunti ya benki ya baba yake. Akaandika anwani ya benki, kompyuta ikatoa onyo kwamba ukurasa ule huenda si wa benki. Tukajaribu tena, onyo likarudi. Nikachukua simu yangu, nikatumia bando langu mwenyewe: ukurasa ukafunguka bila tatizo. Nikarudi kwenye mtandao wa jengo: onyo. Nikajua mchawi yumo humu humu. Nikamwambia yule mwanafunzi asiandike neno la siri la baba yake hapo, aende tawini kwao. Akaondoka amenuna.

Nikaandika ile anwani ya ndani ya ruta. Ukurasa ukauliza jina na neno la siri. Kwenye jina nikaandika admin. Kwenye neno la siri nikaandika admin tena, kama ilivyoandikwa kwenye stika ya chini tangu kiwandani. Bawabu akanifungulia, nusura anipe na kiti.

Cha kwanza nilichokiona ni orodha ya simu zote zilizokuwa hewani, kila moja na jina aliloipa mwenyewe. Simu ya mama wa vitenge, ya dalali wa ghorofani, ya yule kaka wa spea ambaye kumbe ana simu mbili. Nilijisikia kama mtu aliyefungua mlango wa bweni watu wamelala. Cha pili, mlango wa nje ulikuwa wazi, yaani mtu yeyote duniani, akikaa Gerezani au Guangzhou, angeweza kubisha na kuandika admin na admin kama mimi. Na cha tatu, palikuwa na mtu alishabisha. Kompyuta hazijui majina, zinajua namba. Ukiandika jina la benki lazima pawepo wa kukutafutia namba yake, kama unavyotafuta jina kwenye simu ili upige. Ruta yetu ilikuwa imeamrishwa ikaulize namba hizo kwa mtu wa mbali tusiyemjua. Mtu wa namna hiyo ukimuuliza benki iko wapi, anakuelekeza nyumbani kwake.

Nilimaliza kazi kwa dakika kumi. Nikairudisha ruta iulize namba mahali panapostahili, nikafunga mlango wa nje, nikabadili neno la siri. Kuiwekea programu mpya sikuthubutu, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya shughuli hiyo ruta inaweza kufa palepale. Kisha nikarudi kutoa kopi. Sikumwambia mtu.

Wiki mbili nilitembea kifua mbele kama malaika wa jengo. Nikimwona mama wa vitenge anatuma hela kwa simu, natabasamu peke yangu. Halafu frem ya pembeni ikapata mpangaji mpya, akataka kamera zake ziunganishwe, fundi akaitwa. Akaandika admin na admin kama alivyozoea. Ruta ikamkatalia. Akarudia, ikamkatalia. Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kiunoni. Akamwambia mbele za watu kwamba sasa ameelewa: fundi amebadili neno la siri makusudi ili asiweze kuitwa fundi mwingine, bei awe anapanga yeye. Kijana akaapa. Jamaa mmoja akaongeza kuwa hata siku ile hela yake ilipopotea kwenye simu, huenda ni huyu huyu. Ndugu msomaji, mimi nilikuwa hatua nne kutoka pale, nyuma ya mashine. Nikabonyeza kitufe, nikaanza kutoa kopi za karatasi ambayo hakuna mteja aliyeiomba.

Fundi akatafuta pini, akabonyeza kile kitundu cha nyuma kinachoirudisha ruta katika hali ya kiwandani. Kila nilichokifanya kikafutika. Admin akarudi na pacha wake admin. Kesho yake akaletwa fundi mwingine.

Nilipompa mshikaji wangu mmoja kisa hiki kijiweni, alinicheka. "Acha kujitesa wewe. Nyumba inaungua unapiga hodi? Ulikuta mwizi ndani, ukamtoa. Hilo la fundi ni bahati mbaya tu." Hoja yake si ya kudharau, kwani wako watakaosema ruta ni mali ya mwenye jengo, na akitaka kuilaza mlango wazi ni shauri yake. Hapa Kariakoo hatuwezi kusema hivyo. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko letu kuu liliungua, na kila aliyekuwa na mzigo mle alijifunza kwamba moto hausomi mkataba wa pango.

Na ruta iliyoachwa wazi ni moto wa namna hiyo. Mwaka 2016 vijana watatu wa Kimarekani, Paras Jha, Josiah White na Dalton Norman, wa umri wa kina sisi, walitengeneza programu iliyoitwa Mirai. Haikuwa na maajabu yoyote. Ilizunguka dunia ikibisha hodi kwenye ruta na kamera za ulinzi, ikijaribu jozi sitini na kitu za majina na maneno ya siri ya kiwandani, admin na admin ikiwemo. Kifaa kilichoitika kilitekwa, na vilivyotekwa vikafika laki kadhaa, vikawa jeshi la kuirushia kampuni yoyote maombi ya uongo mengi mpaka izirai. Programu hiyo ilipomwagwa hadharani, kila mhuni akawa na yake. Mwezi Novemba mwaka huo huo Mwingereza mmoja, Daniel Kaye, aliyelipwa na mtu wa kampuni shindani, aliipiga Lonestar, kampuni ya simu ya Liberia, na intaneti ya huko ikayumba. Mwezi haujaisha, jeshi lake likitafuta askari wapya, likaangusha ruta za wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom kule Ujerumani. Kaye alihukumiwa kifungo cha miaka miwili na miezi minane mjini London, Januari 2019. Lakini wenye kamera na ruta zile hawakuhukumiwa na mtu. Wengi wao hawajui hata leo kwamba usiku fulani kisanduku chao kilikwenda vitani dhidi ya Waafrika wenzetu, kikarudi asubuhi kikakonyeza kama kawaida.

Kwa hiyo mshikaji wangu ana haki nusu: tundu la ruta si siri ya mwenye nyumba peke yake. Ila nusu ya pili ilinisumbua, nikaanza kusoma. Nilidhani mtihani huu nimeupata peke yangu, kumbe wako walionitangulia, tena kwa mapana ambayo mimi wa frem ishirini siwezi kuyafikia.

Mwaka 2015 ilitangazwa habari ya programu iliyopewa jina la Wifatch. Ilikuwa ikiingia kwenye ruta za watu bila ruhusa, kama wezi wanavyoingia, lakini ikishaingia inafukuza programu za wezi, inafunga mlango ilioingilia, na kumwachia mwenyewe ujumbe kwamba abadili neno la siri. Miaka miwili baadaye akatokea mwingine aliyechoka kubembeleza. Alijiita msafishaji, na programu yake ikajulikana kama BrickerBot. Yeye akikuta kifaa kiko wazi anakiua, kisifae tena kwa mwizi wala kwa mwenyewe. Alipotangaza kustaafu Desemba 2017 alidai ameua zaidi ya milioni kumi. Hebu fikiri ni duka lako la kutolea hela, ruta moja umenunua kwa kudunduliza, asubuhi unakuta imekufa kwa sababu mtu usiyemjua ameamua kuilinda dunia dhidi yako.

Lakini aliyenigusa ni mzungumzaji mmoja wa Kirusi aliyejiita Alexey. Aprili 2018 kampuni ya MikroTik ya Latvia, ambayo ruta zake zinapendwa na watoa huduma wengi wadogo, ilipata habari za tundu katika programu yake, ikatoa dawa upesi sana. Hapo ndipo ujue kuwa kutengeneza dawa na kupona ni vitu viwili. Kufika Agosti ruta zaidi ya laki mbili za kampuni hiyo zilikuwa zimetekwa na kutumiwa kuchimbia fedha za kidijitali, kwa tundu lile lile lenye dawa tayari, kwa sababu hakuna aliyekuja kuiweka. Alexey akaanza kuingia mwenyewe. Kwa hesabu yake aliziba zaidi ya 100,000. Alikuwa anaweka kizuizi ili mtu wa nje asiweze kuifikia ruta, kisha anaacha maelezo ya alichofanya na mahali pa kumpata. Katika laki nzima hiyo, waliomtafuta ni kama hamsini. Wachache walisema ahsante. Wengi walimtukana.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza niliwakasirikia wale hamsini. Watu gani hawa wasio na shukrani? Nikalala nayo. Asubuhi nikiwa kwenye daladala nikaona kitu kingine: angalau yeye aliacha anwani ya kutukaniwa. Mimi niliacha nini?

Hapo inafaa nimlete mlinzi wetu. Ni mzee mtaratibu, usiku anakaa na redio yake chini ya ngazi. Zamani kidogo alikuta frem ya viatu imefungwa geti tu, kufuli limening'inia halijabanwa. Mwenye duka simu yake haipatikani. Mzee akavuta kiti chake, akakaa mbele ya geti lile mpaka alfajiri. Siku hizo nilimwona mjinga, nikamuuliza: "Shikamoo mzee. Si ungelibana tu lile kufuli ukalale?"

"Marahaba. Funguo anazo nani?"

"Sijui. Labda zimepotea."

"Basi ningefunga duka la mtu kwa kufuli lisilo na funguo. Au ningeleta la kwangu. Nikifunga kwa kufuli langu mimi, asubuhi lile duka ni la nani?"

Nilicheka, nikampa hela ya chai. Sikujua kuwa siku moja nitaifanya kazi hiyo hiyo kwa kinyume chake. Kwani nilipobadili lile neno la siri nilifanya nini kama si kuweka kufuli langu kwenye duka la watu thelathini, nikaondoka na funguo kichwani? Kwa wiki mbili mwenye ruta ile nilikuwa mimi. Mwizi wa mbali aliiteka kwa ubaya, mimi nikaiteka kwa wema, lakini msimamizi, fundi, mama wa vitenge, wote kwao hali ilikuwa moja: hawakujua bawabu wao anamtii nani.

Najua utanijibu kwamba mzee aliweza kukaa getini kwa sababu mwizi hajafika, na mimi nilimkuta tayari yumo. Nakubali. Ningeenda kumtafuta msimamizi kwanza, pengine katika nusu saa hiyo mtu angeandika neno lake la siri la benki kwenye ukurasa wa uongo. Kwa hiyo zile dakika kumi bado sizijutii zote. Kuzirudisha namba mahali pake, kuufunga mlango wa nje, hayo ningeyafanya tena leo. Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inasema kuingia kwa makusudi na bila haki katika mfumo wa kompyuta wa mtu ni kosa, na jinsi ninavyoisoma, haina mahali inapouliza kama ulipoingia ulifagia. Mhariri akiona vyema aniondolee jina.

Ninachokijutia ni dakika ya kumi na moja. Nilinyanyuka, nikatazama mlango wa ofisi ya msimamizi, nikakaa tena. Kwa nini? Nimejiuliza mara nyingi na majibu ni mawili, yote yanachukiza.

La kwanza ni woga. Nilishaliona swali atakaloniuliza kabla sijafungua mdomo: "Wewe umejuaje?" Hapa kwetu ukimwambia mtu dirisha lake halifungi, yeye hatazami dirisha, anakutazama wewe. Ulikuwa unafanya nini dirishani kwangu? Na siwezi kumlaumu, maana katika mji huu wanaojua sana habari za mlango wako mara nyingi si ndugu zako. Ila matokeo yake ni kwamba anayejua ananyamaza, asiyejua anaendelea kulala, na mwizi peke yake ndiye anayejua na haogopi.

La pili ni tamu zaidi, na nadhani ninyi wenzangu mnaoandika mtalielewa. Nilipenda kuwa siri. Sisi watu wa riwaya tuna ugonjwa huo: tunaingia vyumbani mwa watu bila hodi, tunasikia wanayowaza, tunawapangia mwisho wao, na wao hawajui kuwa tupo. Kwenye karatasi hiyo ndiyo kazi. Nilipoiona ile orodha ya simu za jirani zangu nilijisikia kama ninavyojisikia sura ikinyooka. Nikawafanya wahusika wangu. Mhusika huwezi kumwomba ruhusa, wala hawezi kukuuliza umejuaje. Na mmoja wao alipodhalilishwa mbele ya macho yangu nilifanya anachofanya mwandishi: nilitazama.

Katika habari hizi zote hata wakubwa wenye karatasi ya mahakama imewabidi waseme. Mwisho wa Januari 2024 Marekani ilitangaza kuwa makachero wake wa FBI, kwa kibali cha hakimu, waliingia katika mamia ya ruta za watu na kufuta programu ya wadukuzi wanaohusishwa na China. Nyingi zilikuwa za Cisco na Netgear, zee, ambazo watengenezaji walikwishaacha kuzitolea dawa. Waliwataarifu wenyewe kupitia kampuni za mtandao, tena wakaeleza wazi kwamba kinga ile ni ya muda, ukiizima ruta na kuiwasha, imeondoka. Nilipofika hapo nilicheka kwa uchungu. Kumbe hata dola kubwa ikiziba tundu la mtu, mwenyewe akibonyeza kitufe, tundu limerudi. Bila yeye kujua, hakuna kilichozibwa.

Sisemi mzigo wote ni wa kina mimi tunaojua kidogo. Kuna mtu kiwandani aliyeona ni nafuu kuandika admin na admin chini ya mamilioni ya visanduku kuliko kukipa kila kimoja neno lake. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria inawakataza kuuza huko kifaa cha namna hiyo chenye neno moja la siri la wote. Na hizo ruta zilizozeeka wenzetu wakizitupa, usidhani zinakufa. Mtumba ni mtumba, iwe suruali au ruta, na muuzaji akiifuta vumbi atakwambia imetulia, bosi. Hakudanganyi. Inawaka kweli. Hakuna anayeuza pamoja nayo habari kwamba mtengenezaji ameshaisahau. Lakini kumlaumu mtu wa kiwandani ni rahisi mno kwangu, kwa sababu simwoni. Fundi nilikuwa namwona.

Nilimtafuta miezi mitatu baadaye. Nilimkuta upande wa Gerezani, kwenye meza ya kutengeneza simu aliyoshirikiana na mwenzake, amefunga kitambaa kichwani, anapuliza kioo. Nikasalimia, nikanunua chaja ambayo sikuihitaji. Kisha nikasema. Nilisema vibaya, nikaanzia mwisho, nikarudi mwanzo, nikataja Alexey kana kwamba ni shahidi wangu. Aliniacha nimalize. Nilijiandaa kwa matusi, au ngumi, au msamaha kama wa kwenye hadithi. Hakunipa hata kimoja.

"Uliweka neno gani?" akauliza.

Nikamtajia. Lilikuwa jina la mhusika mkuu wa riwaya yangu na mwaka niliozaliwa. Akatikisa kichwa polepole.

"Nilijaribu maneno kama arobaini siku ile," akasema. "Mpaka jina la mama yangu nilijaribu." Akarudi kwenye kioo chake. Nikabaki nimesimama na chaja mkononi. Baada ya muda akasema bila kuinua macho, "Kwangu umeshasema. Mimi siyo niliyekuwa sijui nani mwizi. Kaseme kule."

Nilikaa siku nne. Siku ya tano nilipanda ngazi. Msimamizi alikuwa anahesabu stakabadhi za mwezi, kile kisanduku kinakonyeza juu ya kabati nyuma ya kichwa chake. Nikamwamkia, nikamwambia ruta yetu ina tundu, kwamba lilikuwapo tangu mwaka jana, na kwamba yule fundi wa kwanza hakubadili kitu. Akaweka kalamu chini. Hakugeuka kuitazama ruta. Alinitazama mimi, muda mrefu kuliko nilivyokuwa nimejiandaa.

"Wewe umejuaje?"

Nikamwomba aishushe ruta pale kabatini, nikaigeuza juu chini ili aione stika, nikavuta kiti.